Amua ungali na nafasi: jinsi ya kuchagua tiba figo zinaposhindwa

Kama daktari amekwambia uwezo wa figo zako umeshuka chini ya 20, basi huu ndio wakati wa kuamua. Usisubiri ufike 8, miguu imevimba, huwezi kulala chali kwa kukosa pumzi, na ndugu zako wanabishana nje ya wodi nani asaini fomu. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu. Nawapokea watu siku yao ya kwanza, na naona tofauti kati ya anayeingia kwa miguu yake, mkono ukiwa tayari, na anayeletwa usiku akisukumwa kwenye kitanda. Wote tunawahudumia kwa moyo uleule. Ila huyu wa pili, dharura ndiyo iliyomchagulia njia, na mara nyingi si njia ambayo angeichukua mwenyewe.

Namba ndiyo huwatisha wengi, kwa hiyo tuanzie hapo. Maabara hupima kreatinini kwenye damu, yaani takataka ya misuli ambayo figo huiondoa, kisha kwa kuzingatia umri na jinsia yako hukadiria figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika. Kijana mwenye figo nzima huwa na 90 au zaidi. Ikishuka chini ya 15 tunasema figo zimeshindwa, yaani hatua ya 5. Hiyo haina maana kwamba kesho unaunganishwa na mashine. Utafiti mkubwa uliofanyika Australia na New Zealand na kutangazwa mwaka 2010 uliwagawa wagonjwa makundi mawili: walioanza kusafishwa damu mapema kwa kufuata namba, na waliosubiri hadi dalili au namba ya chini zaidi iwalazimu. Walioanza mapema hawakuishi zaidi ya wenzao. Ndiyo maana sisi huusikiliza mwili: kichefuchefu kisichokatika, chakula kupoteza ladha, ngozi kuwasha, pumzi kuwa fupi, maji kujaa mwilini, potasiamu inayokataa kushuka kwa dawa. Kipindi kati ya namba 20 na dalili hizo ndicho cha kujiandaa. Kwa mmoja ni miezi michache, kwa mwingine ni miaka.

Jambo moja la kuhakikisha kabla ya yote: muulize daktari kama figo zimeshindwa moja kwa moja au zimezidiwa kwa muda. Mtu aliyepungukiwa maji sana, aliyepata maambukizi makali, aliyedhurika na dawa au aliyeziba njia ya mkojo anaweza kuhitaji mashine kwa wiki kadhaa tu, kisha figo zikaamka. Huyo hahitaji kupanga maisha mapya. Haya ninayoandika ni kwa yule ambaye figo zake zimechoka polepole na hazitarudi.

Ujue pia mashine inafanya nini na haifanyi nini. Figo zenye afya huchuja karibu lita 180 za majimaji kwa siku, bila kupumzika, saa 168 kwa wiki. Ratiba ya kawaida ya hospitali inakusafisha saa 12 tu kwa wiki. Inaondoa takataka, maji ya ziada na potasiamu. Haitengenezi homoni inayouamuru mwili utengeneze damu, wala haiiamshi vitamini D ya kulinda mifupa. Kwa hiyo sindano za damu na vidonge vitaendelea hata ukiwa unasafishwa vizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaoacha dawa zote wakidhani mashine imechukua kazi nzima.

Linda mkono wako kuanzia leo

Hata kama hujaamua chochote, hili lifanye. Chagua mkono usioutumia kuandikia na uuweke kando: usichomwe sindano, usitolewe damu, usiwekewe dripu wala kupimwa presha kwenye mkono huo. Kila unapokwenda kupimwa, sema mwenyewe: "Mimi nina ugonjwa wa figo, chukueni damu nyuma ya kiganja cha mkono wa pili." Maabara hawatakuuliza. Mshipa uliochomwa na kuwekewa dripu tena na tena huwa mgumu na mwembamba, na mshipa wa namna hiyo hautufai tena.

Tangu mwanzo, kikwazo cha tiba hii kilikuwa mshipa. Mwaka 1943, wakati wa vita, daktari Mholanzi Willem Kolff aliunda mashine yake akitumia utando wa kutengenezea soseji uliozungushwa kwenye pipa la mbao. Mashine ilisafisha damu, lakini kila safari ilibidi kutoboa mishipa mipya, na mishipa ikiisha tiba nayo imekwisha. Mwaka 1960 huko Seattle, Belding Scribner alipata mrija wa kubaki mkononi, na kwa mara ya kwanza mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa akaweza kuishi miaka. Kisha mwaka 1966 madaktari wa New York, akina Brescia na Cimino, wakatangaza njia tunayoitegemea hadi leo: kuunganisha ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo) na vena (mshipa unaoirudisha) za mkono chini ya ngozi.

Muungano huo huitwa fistula, na hauhusiani kabisa na fistula ya uzazi. Damu yenye nguvu ya ateri huingia kwenye vena, nayo hutanuka na kuwa nene, tayari kwa sindano. Upasuaji wenyewe ni mdogo, mara nyingi kwa ganzi ya mkono tu. Kusubiri ndiko kurefu: mwezi mmoja hadi mitatu mshipa ukomae, na mingine hugoma kukomaa ikabidi kurudia mahali pengine. Ndiyo sababu napenda mtu afanyiwe kama miezi sita kabla ya kuihitaji. Ikishapona, weka vidole juu yake kila asubuhi. Utasikia mtetemo kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya kibuyu. Siku usipousikia, usisubiri zamu yako ifike. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana damu iliyoganda ikiwahiwa huweza kuondolewa. Usilalie mkono huo, usivae saa ya kubana, usining'inize mzigo mzito. Na ikitokea ukavuja damu nyumbani, bonyeza kwa kidole palepale panapotoka, kwa nguvu, inua mkono juu ya kifua na upige kelele ya msaada. Usizungushe taulo juu yake, maana taulo hunyonya damu bila kuizuia.

Mwenye mishipa midogo huwekewa mrija wa plastiki laini kati ya ateri na vena. Huo hutumika baada ya wiki mbili au tatu, ila huziba na kupata maambukizi kwa urahisi kuliko fistula. Njia ya tatu ni mpira wa shingoni, unaoingia kwenye mshipa mkubwa hadi karibu na moyo. Mpira huo unatumika saa ileile, na umeokoa watu wengi niliowapokea usiku. Lakini ni mlango uliofunguliwa moja kwa moja kwenye damu. Ukiwa nao, usiuloweshe, usimruhusu mtu yeyote asiye wa kitengo aufungue, na ukipata homa au kutetemeka kwa baridi ujue ni dharura, hata kama unahisi ni mafua. Uliza kila mwezi: huu mpira utatoka lini?

Mashine ya hospitali

Hii ndiyo njia ambayo wengi huipata, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Ukifika tunakupima uzito, presha na joto. Tunakuchoma sindano mbili: moja ya kutoa damu, nyingine ya kuirudisha. Mwanzoni zinauma. Omba dawa ya ganzi ya kupaka na uipake saa moja kabla. Damu hupita kwenye chujio lenye nyuzi maelfu zilizo wazi katikati, huku nje ya nyuzi yakipita maji ya dawa. Kwa saa nne maji hayo hufika lita 120 hivi. Damu iliyo nje ya mwili kwa wakati wowote ni karibu robo lita tu, kwa hiyo ondoa hofu kwamba utabaki mtupu. Unaweza kusoma, kulala, kuzungumza. Mwishoni tunatoa sindano na kubonyeza mpaka damu ikatike, tunakupima tena, unaondoka. Wengi hujisikia wamechoka jioni hiyo na wazima kesho yake. Lipangie ratiba jambo hilo na usilipuuze: mkutano muhimu, safari, shughuli ya familia, viweke siku isiyo ya mashine.

Wagonjwa wanaoteseka kwenye mashine, mara nyingi wanatesekea maji. Lita moja unayokunywa bila kuikojoa ni kilo moja kwenye mizani yetu, na kilo hizo lazima zitoke ndani ya saa nne. Wataalamu wengi hawapendi kuvuta zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mtu wa kilo 60 akifanya hesabu hiyo anapata lita 3 na kidogo kwa kipindi kizima. Akija na lita 5, ama tunamvuta kwa kasi na presha inaporomoka, misuli ya mguu inakaza hadi analia, ama tunamwachia maji mengine mapafuni. Uzito usio na maji ya ziada ndio tunaouita uzito mkavu, na unapaswa kuujua kama unavyojua umri wako. Ukinenepa au kukonda unabadilika, kwa hiyo ukiona kila ukitoka unashikwa na kizunguzungu na misuli kukakamaa, au kila ukirudi nyumbani bado unahema, tuambie tuupange upya.

Na siri ya maji ni chumvi. Sijaona mtu aliyeshinda kiu kwa kuvumilia huku chakula chake kina chumvi nyingi. Punguza chumvi kwanza, kiu itapungua yenyewe. Halafu jihadhari na ile chumvi mbadala inayouzwa kwa ajili ya watu wa presha: nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Kwa mtu asiyekojoa, potasiamu ikipanda inaweza kusimamisha moyo bila onyo kubwa, pengine udhaifu wa miguu tu. Matunda na mboga nyingi zina potasiamu. Mtaalamu wa lishe atakuonyesha zipi upunguze na namna ya kuchemsha mboga na kumwaga maji yake. Mkae naye pamoja na anayekupikia, kwa sababu ukienda peke yako hakuna kitakachobadilika jikoni. Vidonge vya kuzuia fosforasi, madini yaliyomo kwenye chakula, humezwa pamoja na chakula. Ukivimeza tumbo tupu havina kazi.

Ratiba ya mara tatu kwa wiki ina pengo moja la siku mbili. Mwishoni mwa pengo hilo ndipo maji na potasiamu huwa juu kabisa, na ndipo hatari ya moyo inapozidi. Siku hizo kaza zaidi kuliko nyingine. Na usikate kipindi. Anayeomba kushuka nusu saa mapema kila mara amepoteza saa moja na nusu kwa wiki kati ya zile saa 12, na mwili unazidai.

Kusafisha kwa njia ya tumbo

Mimi hufanya kazi kwenye mashine, na bado naamini njia hii haielezwi vya kutosha. Wagonjwa wengi wanaofika kwangu hawajawahi kuisikia. Kwa ujumla umri wa kuishi kwa njia hii na kwa mashine haupishani sana, kwa hiyo uamuzi uko kwenye maisha unayotaka kuyaishi.

Ndani ya tumbo kuna utando unaofunika matumbo, wenye mishipa midogo mingi ya damu. Mpira laini hupitishwa chini ya kitovu, na kwa kawaida huachwa wiki mbili kidonda kipone. Kisha unajaza tumboni maji ya dawa yenye sukari, kama lita 2. Takataka na maji ya ziada hupenya utando na kuingia humo. Baada ya saa nne hadi sita unayamwaga na kujaza mengine. Kwa mkono, unabadilisha mara nne kwa siku, na kila badiliko huchukua nusu saa au zaidi kidogo. Kwa mashine ndogo, unaunganishwa usiku ukilala, kwa muda wa saa nane hadi kumi, na mchana uko huru. Hakuna sindano, na damu haitoki nje. Kwa kuwa kazi inafanyika kila siku polepole, presha haiporomoki kama kwenye mashine, vizuizi vya potasiamu na maji huwa vyepesi, na mkojo mdogo uliobaki hudumu muda mrefu zaidi. Mkojo huo ni wa thamani kuliko watu wanavyodhani.

Nakumbuka mama mmoja fundi cherehani aliyekuja kutembelea kitengo chetu kabla ya kuamua. Alitazama mikono ya wagonjwa, akauliza nani atamshonea wateja siku tatu kila wiki. Akachagua tumbo. Alibadilisha maji kabla ya kufungua kazi, adhuhuri, jioni na kabla ya kulala, na cherehani yake haikusimama. Kijana mwingine, aliyelala chumba kimoja na wenzake wanne, alikataa njia hiyohiyo, na alikuwa sahihi, kwa sababu hakuwa na pembe safi hata moja ya kufanyia kazi hiyo.

Usafi ndio roho ya njia hii. Funga dirisha, zima feni, toa wanyama chumbani, vaa barakoa, nawa mikono vizuri na uikaushe. Usiguse ncha ya mrija. Yale maji ya kumwaga yawe ya manjano na angavu kiasi cha kuweza kusoma maandishi ukiyatazama kupitia mfuko. Yakiwa na ukungu, au tumbo likiuma, au ukipata homa, huenda utando umepata maambukizi. Beba mfuko huohuo uende nao hospitali siku hiyo, wala usiumwage, kwa kuwa ndio utakaotuonyesha vijidudu gani. Ukiwahi, kwa kawaida dawa hutibu. Ukichelewa, unaweza kupoteza mpira, utando, hata uhai.

Mengine ya kujua: mafunzo huchukua wiki moja au mbili, na mtu wa nyumbani aje naye ajifunze. Kufunga choo huzuia maji kutoka, kwa hiyo choo kilaini ni sehemu ya tiba. Usipashe mfuko kwa kuutumbukiza kwenye maji wala kwa mikrowevu. Lita 8 kwa siku ni karibu kilo 240 za mifuko kwa mwezi, kwa hiyo pima chumba chako kabla ya kusema ndiyo. Mwenye kisukari ajue sukari ya maji hayo huingia mwilini, na kwamba aina moja ya maji ya kukaa muda mrefu tumboni, yenye aikodekstrini, hudanganya baadhi ya vipima sukari na kuonyesha namba kubwa kuliko ukweli. Mtu akajichoma insulini kwa namba hiyo anaweza kuzimia. Uliza kipima sukari chako ni salama au la. Waliofanyiwa upasuaji mwingi wa tumbo, wenye ngiri isiyotengenezwa, na wasioona vizuri wala kuwa na msaidizi, mara nyingi tunawaelekeza kwingine. Na utando nao huchoka baada ya miaka, hivyo baadhi huhamia mashine baadaye.

Mashine nyumbani

Panapopatikana, hii huwapa watu uhuru mkubwa: unaweza kusafishwa mara nyingi zaidi kwa muda mfupi, au usiku kucha taratibu, na mwili hufurahia kasi hiyo ndogo. Inataka umeme na maji ya uhakika, mafunzo ya wiki kadhaa hadi miezi, na kwa kawaida mtu mwingine ndani ya nyumba. Ukiwa na hivyo vyote, ulizia.

Kupandikizwa figo

Kwa mtu ambaye mwili wake unaruhusu, hii ndiyo tiba bora kuliko zote nilizotaja. Wanaopandikizwa kwa wastani huishi muda mrefu na kwa nguvu zaidi kuliko wanaobaki kwenye mashine. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulikuwa Boston mwezi Desemba 1954, Joseph Murray akihamisha figo kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake wa kufanana. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, karibu na kinena, na zile za zamani mara nyingi huachwa zilipo. Utakunywa dawa za kutuliza kinga kila siku maadamu figo hiyo inafanya kazi, na dawa hizo hukuweka wazi zaidi kwa maambukizi na baadhi ya saratani. Kuruka dozi ni njia ya haraka ya kuipoteza figo.

Wengi hudhani lazima upite kwenye mashine kwanza. Si lazima. Mwenye ndugu aliye tayari anaweza kupandikizwa kabla hajaunganishwa hata mara moja, na matokeo huwa mazuri. Kwa hiyo ongea na familia namba ikiwa bado juu, kwa utaratibu na bila kumkaba mtu. Vipimo vya mtoaji hudumu miezi, naye ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kuulizwa sababu mbele ya watu. Kama unatarajia kupandikizwa, mwambie kila daktari anayetaka kukuongezea damu, kwani damu ya mtu mwingine huweza kuufundisha mwili wako kuikataa figo baadaye. Na anayekunong'oneza kwamba anaweza kukununulia figo, mkimbie. Ni kosa la jinai karibu kila nchi, na watoaji na wapokeaji wote wameumizwa humo.

Kutosafishwa

Ipo njia hii pia, na nataka uisikie kutoka kwa mtu anayeheshimu wanaoichagua. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, magonjwa mengine mazito na nguvu zilizokwisha, mashine inaweza kumwongezea muda kidogo sana, na muda huo wote ukaishia barabarani na hospitalini. Anaweza kuamua kutunzwa bila mashine: dawa za kichefuchefu, za mwasho, za kupunguza maji, sindano za damu, dawa za maumivu zilizopimwa kwa figo zake, na watu wake karibu. Huko si kutelekezwa, wala si kujiua. Asiye na uhakika anaweza kukubaliana na daktari ajaribu mashine kwa miezi michache, kisha wakae waangalie kama imemfaa. Na aliye kwenye mashine ana haki ya kuacha. Akiacha na hana mkojo, kwa kawaida ni siku kadhaa hadi wiki mbili, na tunajua jinsi ya kumfanya asiumie. Mwulize baba au mama yako anataka nini akiwa bado anaweza kujibu. Msimjibie.

Unavyoamua

Chukua karatasi, uandike siku yako ya kawaida kuanzia unapoamka hadi unapolala. Kisha iandike mara ya pili ukiweka ndani yake mashine mara tatu kwa wiki, pamoja na safari ya kwenda, kurudi na jioni ya uchovu. Iandike mara ya tatu ukiweka mabadilisho manne ya tumbo, au usiku wa kuunganishwa. Mara nyingi jibu huanza kuonekana hapo, kabla ya daktari kusema neno. Halafu omba kutembelea kitengo. Kaa karibu na mgonjwa aliyezoea, umwulize kinachomsumbua, naye atakwambia mambo ambayo sisi wauguzi hatuyajui kwa miili yetu. Mtu wa njia ya tumbo naye omba uunganishwe naye.

Ukirudi kwa daktari, uliza kama mwili wako una kizuizi kwa njia yoyote kati ya hizi. Uliza kama unafaa kupandikizwa, na kama hufai, ni kwa sababu gani na je, inatibika. Uliza chanjo ya homa ya ini aina B, maana inafaa kuchomwa mapema. Kama unatumia insulini, uliza dozi yako, kwa sababu figo zikidhoofika insulini hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka ghafla. Uliza dawa za presha unywe au usinywe asubuhi ya mashine, usijiamulie. Ujue pia kwamba uamuzi wako si kifungo: nimeona watu wakitoka tumboni kuja mashine, wakitoka mashine kwenda kupandikizwa, na figo ilipochoka wakarudi kwetu wakaendelea kuishi.

Mwisho wa mazungumzo omba tarehe. Kama ni fistula, tarehe ya kuonana na daktari wa upasuaji. Kama ni tumbo, tarehe ya kuwekewa mpira na ya kuanza mafunzo. Kama ni kupandikizwa, tarehe ya vipimo vya kwanza vya mtoaji. Iandike kwenye daftari lako ukiwa bado umekaa kwenye kile kiti.